SOMO LA USALAMA: BUNDUKI MPYA INAPOKUWA NA KIFYATULIO KIBOVU



Somo la toleo hili linahusu silaha, na huenda baadhi yenu mkataka kulipita mkidhani ni la askari peke yao. Tunawaomba msilipite. Katika miji yetu ya mpakani kama Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, bunduki haikai kambini tu. Mlinzi wa benki husimama nayo mlangoni, mlinzi wa ghala huiegemeza kando ya kiti chake usiku kucha, na askari wa wanyamapori hupita nayo njia ile ile wanayopita watoto wa shule. Bunduki inapoharibika, anayeumia si lazima awe yule aliyeishika.

Swali letu ni moja. Bunduki iliyonunuliwa karibuni, yenye karatasi zote halali, inapoonyesha kwamba kifyatulio chake hakifanyi kazi sawasawa, aliyeishika afanye nini, na waliomzunguka wafanye nini? Jibu letu, ambalo tutalieleza hatua kwa hatua, ni hili: kazi ya aliyeishika bunduki ni kuituliza, kuitenga na kuikabidhi. Kuitengeneza si kazi yake.

1. Bunduki hizi ni za nani?

Kabla ya kuingia katika kiini cha somo, tukumbushane sheria. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo ilianza kutumika mwaka 2006, na utekelezaji wake unaratibiwa na kituo cha kikanda cha RECSA, chenye makao yake Nairobi. Kifungu chake cha 3 kinazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao katazo kamili la raia kumiliki na kutumia bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki.

Kwa hiyo, tunapozungumzia bunduki ya nusu otomatiki iliyonunuliwa karibuni, tunazungumzia kwanza taasisi: polisi, askari wa wanyamapori, na kampuni za ulinzi pale sheria ya nchi inapoziruhusu. Raia mwenye cheti cha kumiliki silaha aghalabu huwa na bastola au bunduki ya kuwindia. Hata hivyo, mafundisho mengi ya leo yanamhusu yeye pia, kwa sababu kifyatulio ni kifyatulio.

2. Kifyatulio hufanyaje kazi?

Wengi huona kifyatulio kuwa ni kile kipande cha chuma kinachovutwa kwa kidole. Kwa hakika hicho ni mlango tu wa nyumba yenye vyumba kadhaa. Ndani yake mna nyundo inayosukumwa na springi yenye nguvu, na mna kishikizo kinachoizuia nyundo hiyo isianguke. Kidole kinapovuta, kishikizo huachia, nyundo huanguka na kuipiga pini, na pini huigonga risasi kitakoni. Hapo ndipo baruti huwaka.

Katika bunduki ya nusu otomatiki, sehemu ya nguvu ya mlipuko huo hutumika kurudisha bolti nyuma. Bolti hulitoa ganda lililotumika, huirudisha nyundo mahali pake, kisha hupeleka risasi nyingine kwenye chemba. Yote haya hufanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Baada ya mlio mmoja, bunduki tayari imejiandaa kwa mlio wa pili, wala aliyeishika hakuongeza chochote. Kila kuvuta ni risasi moja. Lakini risasi inayofuata imekwisha kuingia chumbani inangoja.

Hapa ndipo hatari ya kifyatulio kibovu inapozidi. Bunduki ya kuvuta bolti kwa mkono ikigoma, hakuna risasi mpya itakayoingia mpaka mtu ajipakilie mwenyewe. Bunduki ya kujipakia ikiwa na hitilafu, huweza kuwa imegoma na papo hapo kuwa tayari kulipuka.

3. Mbona mpya, na tayari ni mbovu?

Watu huamini kwamba kitu kipya ni kizima. Kwa silaha imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, neno "mpya" mara nyingi humaanisha mpya kwa mnunuzi. Bunduki huenda ikawa imetengenezwa miongo mingi iliyopita na kulala ghalani. Chukua mfano wa SKS, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, na ndugu yake wa Kichina Type 56. Hiyo ndiyo bunduki ambayo askari na mgambo wengi wa Afrika Mashariki huiita SAR. Hubeba risasi 10 katika kasha lisilobanduka. Bunduki za aina hii zilizohifadhiwa kwa muda mrefu hupakwa grisi nzito ili zisishike kutu. Grisi hiyo isiposafishwa yote, huganda ndani. Katika SAR nyingi pini huachwa ielee bila springi ya kuirudisha nyuma. Ikinaswa na grisi au kutu ikiwa imechomoza mbele, bolti inapofunga kwa nguvu bunduki huweza kulipuka yenyewe, hali kidole hakijagusa kifyatulio.

Pili, mazingira yetu yana ukali wake. Vumbi la kiangazi la Karamoja huchanganyika na mafuta na kuwa kama tope. Baridi ya asubuhi huko Suam, chini ya Mlima Elgon, huifanya grisi iwe nzito. Unyevu wa kandokando ya Ziwa Victoria huleta kutu upesi. Nyundo ambayo jana ilianguka sawasawa leo huenda ikaanguka kwa uvivu, ikaigonga risasi bila nguvu ya kutosha kuiwasha.

Tatu, mikono ya watu. Bunduki hufunguliwa kwa kusafishwa na kufungwa vibaya. Springi hukaa upande, kipini hakiingii hadi mwisho. Pengine mtu wa kwanza kuimiliki alikipiga tupa kifyatulio ili kiwe chepesi, kisha akaiuza.

Nne, hata kiwanda huweza kukosea. Mwezi wa Aprili 2014, kampuni ya Remington ya Marekani iliwatangazia wateja wake warudishe bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2014. Sababu ilikuwa gundi iliyowekwa kupita kiasi wakati wa kuunda baadhi ya vifyatulio hivyo, jambo lililoweza kuifanya bunduki ilipuke bila kukusudiwa. Bunduki hizo ni za kuvuta bolti kwa mkono, si za nusu otomatiki, lakini funzo ni lile lile. Kampuni haikuwaambia wateja wafungue bunduki na kukwangua gundi. Iliwaambia waache kuzitumia mara moja na wazirudishe kwa ukaguzi. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe hakutaka mteja aguse kifyatulio, sisi tuna sababu gani ya kukigusa?

4. Dalili tano za kuangalia

Dalili ya kwanza: unavuta, na hakuna kitu kinachosikika. Huenda usalama umefungwa, au nyundo haikurudi mahali pake, au kifyatulio kimekwama.

Dalili ya pili: unavuta, nyundo inasikika ikianguka, lakini risasi hailii. Hii huwahadaa wengi. Risasi huenda ikawa mbovu kabisa, au huenda ikawa inawaka polepole na italia baada ya muda. Anayeigeuza bunduki ili achungulie mtutu hujiweka mbele ya mauti.

Dalili ya tatu: mlio hafifu kuliko kawaida. Hii si hitilafu ya kifyatulio, lakini tunaitaja kwa kuwa huchanganywa nayo. Risasi huenda imekwama katikati ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu huweza kupasuka usoni mwako.

Dalili ya nne: bunduki inalia bila kuvutwa. Inalia inapoangushwa, inapogongwa kitako chini, usalama unapofunguliwa, au bolti inapofunga.

Dalili ya tano: unavuta mara moja na zinatoka risasi mbili au zaidi, au kifyatulio hakirudi mbele baada ya kuachiwa. Wapo vijana wanaofurahia dalili hii wakidhani wamepata bunduki bora zaidi. Hawakupata bunduki bora. Wamepata bunduki isiyomtii aliyeishika, na ambayo mbele ya sheria huweza kuhesabiwa kuwa silaha ya otomatiki.

Dalili moja tu, hata ikitokea mara moja na isirudie, inatosha. Hitilafu inayotokea na kutoweka ni mbaya kuliko inayokaa, kwa maana hurudi wakati imekwisha kusahauliwa.

5. Hatua za kufuata

Hatua hizi zinamhusu yule aliyefunzwa na kuidhinishwa kushika silaha. Asiyefunzwa hatua yake ni moja: asiiguse.

Hatua ya kwanza, ondoa kidole kwenye kifyatulio, na uuelekeze mtutu mahali salama. Mahali salama si juu hewani, kwa kuwa risasi ipandayo hushuka. Wala si ukuta wa mabati au wa udongo, kwa kuwa nyuma yake huenda pana mtu. Pipa la mchanga lililowekwa kwenye vituo vingi vya ulinzi liliwekwa kwa ajili hiyo. Pasipo na pipa, elekeza kwenye kichuguu au tuta la udongo laini, mbali na mawe.

Hatua ya pili, ngoja. Kama nyundo ilianguka na risasi haikulia, tulia katika hali hiyo kwa muda usiopungua sekunde 30. Hesabu polepole kwa sauti. Kuhesabu huutuliza mkono pia.

Hatua ya tatu, funga usalama, lakini usiuamini. Usalama wa SAR, kwa mfano, hukizuia kifyatulio peke yake. Haushiki nyundo wala pini. Kama ubovu uko ndani, usalama hauufikii.

Hatua ya nne, toa risasi kwa mpango. Katika bunduki yenye kasha linalobanduka, toa kasha kwanza, ndipo ufungue bolti na kuitoa risasi iliyo kwenye chemba. Anayeanza na chemba na kuliacha kasha mahali pake hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, kisha huapa kwamba bunduki ni tupu. Ajali nyingi za "nilidhani haina risasi" huzaliwa hapo. Katika SAR, kasha hufunguliwa kwa chini na risasi huanguka. Zikusanye na uzihesabu.

Hatua ya tano, thibitisha. Iangalie chemba kwa macho, kisha uipapase kwa kidole kidogo, hasa usiku. Mwite mwenzako naye athibitishe. Macho mawili huchoka, manne husaidiana.

Hatua ya sita, tenga na uandike. Funga karatasi au kitambaa kwenye mlinzi wa kifyatulio chenye maneno "MBOVU – ISITUMIKE". Andika namba ya silaha, tarehe, saa, risasi zilizotumika, na kilichotokea kwa maneno mepesi: "Nilivuta mara moja, zikatoka mbili." Usiandike unachokidhani, andika ulichokiona. Risasi iliyogoma iwekwe peke yake; haichanganywi na nzima.

Hatua ya saba, kabidhi. Silaha apewe mtunza ghala la silaha, naye aipeleke kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa, kwa saini ya anayetoa na anayepokea. Mlinzi asirudi lindoni na silaha hiyo "kwa usiku huu tu". Msimamizi anayemlazimisha arudi nayo anabeba dhamana ya kitakachotokea.

6. Fundi wa mtaani na fundi wa ng'ambo

Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kampuni imenunua silaha kwa fedha nyingi. Kuirudisha kunachukua wiki. Na pale sokoni yupo fundi hodari anayetengeneza pikipiki, mashine za kusaga na kufuli za kila namna. Kwa nini asipewe ajaribu?

Kwa sababu tatu. Kwanza, sehemu za kifyatulio zimeungwa kwa vipimo vidogo sana, na uso wa chuma chake umefanywa mgumu kwa moto. Tupa ikipita mara chache huuondoa ugumu huo. Bunduki huweza kufanya kazi vizuri mbele ya fundi, kisha ikaachia yenyewe baada ya mwezi. Pili, katika nchi zetu kutengeneza silaha kwa malipo ni kazi ya mwenye leseni. Fundi asiye nayo na mteja wake wote wawili hujitia matatani. Tatu, fundi wa sokoni ana watoto, majirani na wateja waliojaa kibandani. Hana pipa la mchanga.

Kwa watu wa mpakani kuna kishawishi kingine: fundi wa ng'ambo. Kwetu sisi mpaka ni mfereji, ni daraja, pengine ni jiwe tu kati ya mashamba mawili ya ndugu. Mtu huvuka kwenda kusaga mahindi na kurudi kabla ya jua kuwa kali. Lakini bunduki haivuki kama debe la mahindi. Cheti kilichotolewa upande mmoja hakimpi mtu ruhusa upande wa pili. Kuivusha bila vibali ni kuitoa silaha nchini na kuiingiza nchi nyingine kinyume cha sheria, hata kama nia ilikuwa kubadili springi moja. Aliyetoka nyumbani akiwa mmiliki halali hujikuta mahabusu akiitwa mlanguzi wa silaha.

7. Bunduki isiyo na karatasi

Tuseme waziwazi jambo ambalo wengine husema kwa kunong'ona. Wapo waliouziwa bunduki gizani, wakaambiwa ni mpya, na sasa wamegundua kuwa ni mbovu. Hawana wa kumdai, kwa kuwa muuzaji hana duka wala jina. Hawathubutu kumwita fundi, na wanaogopa kuja kwetu. Bunduki imelala darini, juu ya vichwa vya watoto.

Kwa wenye hali hiyo tunasema: msiibebe kuileta. Mtu anayetembea na bunduki mbovu njiani anajihatarisha yeye na anayekutana naye. Iacheni ilipo, waondoeni watoto, mkaonane na mtu mnayemwamini: mwenyekiti wa LC, chifu, mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa dini au wakili. Yeye aulize taratibu za usalimishaji wa hiari zilizopo katika nchi husika, kisha awasiliane na polisi waje kuichukua. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na hatutaahidi kwa niaba ya mahakama. Lakini aliyejitokeza mwenyewe ana neno la kujitetea ambalo aliyekamatwa na silaha, au aliyemuua jirani kwa bahati mbaya, hana.

8. Wajibu wa asiye na bunduki

Wasomaji wetu wengi hawatashika bunduki maisha yao yote. Nanyi pia mna sehemu yenu.

Mkimwona mlinzi akihangaika na silaha iliyogoma, msimsogelee kumsaidia wala kumpiga picha. Ondokeni mbele ya mtutu, nanyi msiende nyuma ya ukuta mwembamba. Nendeni pembeni, mbali, mkiwachukua watoto. Msimcheke. Aliyechekwa hufanya haraka, na haraka ndiyo tunayoikimbia.

Mtoto akiokota silaha au risasi, afundishwe mambo matatu: asiguse, aondoke, amwambie mtu mzima. Naye mtu mzima asiiguse, bali alinde mahali hapo na kupiga simu. Namba 112 hutumika kwa dharura Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Elezeni mahali penyewe na upande wa mpaka mlioko, kwa sababu Busia ziko mbili na Mutukula ziko mbili.

Ndugu wasomaji, wahenga walituusia tahadhari kabla ya hatari. Kuisimamisha bunduki moja kwa siku kadhaa ni hasara inayohesabika kwa fedha. Hasara ya upande wa pili haihesabiki.

Maswali ya mjadala katika vikao vya polisi jamii

1. Katika mtaa wenu, ni sehemu zipi zinazolindwa kwa bunduki? Je, zina pipa la mchanga au tuta la kutolea risasi?

2. Mlinzi amesema bunduki yake ililia ilipoanguka, lakini tangu hapo "haijarudia". Msimamizi wake afanye nini usiku huo huo?

3. Kwa nini kasha la risasi hutolewa kabla ya kufungua chemba? Mwenye kujua awaeleze wengine kwa maneno, bila silaha mkononi.

4. Jirani anakuomba umsindikize kuvuka mpaka kupeleka bunduki kwa fundi. Utamjibu nini ili asikasirike na asiende?

5. Ni nani katika kijiji chenu anayeaminiwa na watu kiasi cha kuambiwa habari ya silaha iliyofichwa? Je, yeye mwenyewe anajua hatua za kufuata?